Ugomvi Mmoja, Mashitaka Mengi

Juma hili nataka tuzungumze jambo linaloingia katika vijiji vyetu bila kubisha hodi, hasa wakati mahindi yanapokaribia kukomaa. Nalo ni kupigana na kuumizana.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe ni shida kuona nyumba isiyo na panga. Anayelima Kabuku analo, mkata mkonge wa Ngombezi ana kisu chake, na mchungaji anayepita na ng'ombe ana fimbo, pengine na sime kiunoni. Hivi vyote ni vyombo vya kazi, wala hakuna anayelaumiwa kwa kuwa navyo. Lakini chombo cha kazi kikiinuliwa juu ya kichwa cha mtu, saa ile ile kimekuwa kitu kingine mbele ya sheria. Wengi wetu hatulijui jambo hili. Twadhani kuumiza mtu ni kosa moja tu, liitwalo "kupigana," na kwamba likitokea wazee watakaa chini ya mwembe, mbuzi atatolewa, na maneno yatakwisha. Basi leo tuone kama ni kweli.

Katika majimbo mengi ya Marekani liko shitaka moja la shambulio lililoongezwa uzito, yaani shambulio la kutumia silaha au la kuumiza vibaya. Hapa kwetu halina jina moja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, iliyotungwa mwaka 1930 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, imeligawa katika makosa kadhaa. Kila kosa lina jina lake na kifungo chake. Yamepangwa kama ngazi, na mtu mwenye hasira aweza kuipanda ngazi hiyo yote kwa muda wa dakika tano.

Natoa mfano. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, si habari ya mtu yeyote, kwa hiyo usimtafute jirani yako ndani yake. Tuseme wako majirani wawili. Mmoja ana shamba la mahindi, mwingine ana ng'ombe. Asubuhi moja ng'ombe wameingia shambani, wameyala mahindi mabichi na kuyakanyaga. Mwenye shamba anafika na panga mkononi, maana alikuwa akienda kufyeka. Mwenye ng'ombe anafika na fimbo yake. Sasa tuwatazame hatua kwa hatua, na kila hatua tuulize: wakikamatwa hapa, watashitakiwa kwa kosa gani? Vifungo nitakavyotaja ni vya mwisho kabisa. Hakimu aweza kutoa pungufu, ila pale nitakaposema vingine.

Hatua ya kwanza ni maneno. Mmoja anamtukana mwenziwe mama yake. Mwingine anainua panga na kusema, "Leo nitakukata." Hajamgusa bado. Hata hivyo wote wawili wamekwisha kukosa. Kutukana kwa namna iwezayo kuvunja amani ni kosa, na kumtisha mtu kwamba utamdhuru ni kosa. Wengi hushangaa wakishikwa kwa maneno matupu, kumbe sheria huanza kutazama mapema kuliko tunavyodhani.

Hatua ya pili ni mkono. Mmoja anamsukuma mwenziwe, au anampiga kofi. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe. Hili ni shambulio la kawaida, na kifungo chake ni mpaka mwaka 1.

Hatua ya tatu ni fimbo. Imempata mtu begani, pamevimba, ngozi imechubuka, mwili unauma siku nne. Sasa jina limebadilika. Laitwa shambulio la kudhuru mwili, na kifungo chake ni mpaka miaka 5. Karibu na hilo liko kosa la kujeruhi, yaani kumkata au kumchoma mtu hata ngozi ya nje ikapasuka. Kifungo chake ni mpaka miaka 3. Ni juu ya mwendesha mashitaka kuchagua lipi linalolingana na ushahidi.

Hatua ya nne ni panga. Limeshuka, na vidole viwili vimekatika. Au limempata usoni, na jicho limekwisha. Hapa sheria yasema ni madhara makubwa, nayo imeeleza maana yake waziwazi: kumlemaza mtu, kumharibia afya vibaya au kwa maisha yake yote, kumwachia alama mbaya isiyofutika, au kuharibu kiungo chake cha nje au cha ndani. Kifungo chake ni mpaka miaka 7. Handeni na Korogwe tuna mvua mbili. Miaka saba ni masika saba na vuli saba, na shamba halimngoji mtu.

Lakini hatujafika juu ya ngazi. Ikiwa Jamhuri itathibitisha kwamba yule mtu alikusudia kabisa kumlemaza au kumharibu mwenziwe, basi kifungo si miaka saba tena. Chaweza kufika kifungo cha maisha. Na ikiwa alikusudia kumwua, ila tu mtu huyo akapona, hilo ni kujaribu kuua, nalo kifungo chake chaweza kuwa cha maisha. Angalieni basi: jeraha ni lile lile, panga ni lile lile. Tofauti imo katika nia.

Mtu ataniuliza, "Bwana mwandishi, nani awezaye kuona nia iliyo moyoni mwa mtu?" Ni swali jema. Hakuna awezaye kuiona, lakini mahakama huisoma katika matendo. Katika Rufani ya Jinai namba 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani iliyokaa Mbeya ilitaja mambo ya kutazamwa ili kujua kama mtu alikusudia kuua. Silaha ilikuwa ya namna gani, na ukubwa gani? Nguvu iliyotumika ilikuwa kiasi gani? Ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa? Mapigo yalikuwa mangapi? Majeraha ni ya namna gani? Aliyepiga alisema nini? Na alifanya nini kabla ya tendo na baada yake? Kwa hiyo yule aliyesema "leo nitakukata," kisha akapiga shingoni mara tatu, kisha akakimbilia porini, asidhani atasimama mahakamani na kusema, "Sikukusudia," akaaminiwa upesi. Maneno yake ya hatua ya kwanza yatamfuata mpaka kizimbani.

Sasa tuseme yule aliyekatwa amekufa. Pengine hakufa siku ile. Amelazwa hospitali, kidonda kimeoza, na baada ya miezi miwili ameaga dunia. Je, aliyemkata amepona shitaka kwa kuwa kifo kilichelewa? La. Sheria yetu imeweka mpaka wa mwaka mmoja na siku moja. Mtu akifa katika muda huo kwa sababu ya jeraha, aliyemjeruhi aweza kushitakiwa kwa kifo. Ikiwa hakukusudia, ni kuua bila kukusudia, na kifungo chaweza kuwa cha maisha. Ikiwa alikusudia, ni kuua kwa kukusudia, na hukumu yake ni kifo.

Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mtu akifa katika kupigana kwa ghafla, kwa kawaida kosa huwa ni kuua bila kukusudia. Lakini mtu asijifariji na maneno hayo. Aliyepigana papo hapo ni mmoja. Aliyeondoka, akaenda nyumbani, akanoa panga, akarudi, huyo ni mwingine. Njia yote ile ya kwenda na kurudi alikuwa na nafasi ya kupoa.

Yako na mambo mengine mawili ambayo watu hujitia bila kujua. La kwanza ni mali. Tuseme baada ya kumkata mwenziwe, mmoja anachukua simu yake, au fedha za mfukoni. Akifanya hivyo aweza kushitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake si chini ya miaka 30. Hapo hakimu hana ruhusa ya kupunguza. La pili ni kundi. Yowe linapigwa, vijana wanakuja mbio. Mmoja anamshika mikono yule mfugaji, mwingine anapaza sauti, "Mpigeni!" na wa tatu anakata. Aliyeshika aweza kuulizwa kosa lile lile la aliyekata. Sheria yasema watu wakiungana katika nia moja mbaya, tendo la mmoja huhesabiwa kuwa la wote. Baba, mwambie kijana wako maneno haya kabla hajalisikia yowe.

Nazijua pia sababu wanazozitoa watu. "Nilikuwa nimelewa." Mtu aliyelewa kwa hiari yake hawezi kujificha nyuma ya chupa, mahakama itaulizia tu kama aliweza kuwa na nia au hakuweza. "Nilikasirishwa." Hasira ya ghafla, kabla mtu hajapata muda wa kupoa, yaweza kushusha kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia, lakini haimtoi mtu gerezani. "Nilikuwa najitetea." Hii ni haki kweli. Kila mtu ana haki ya kulinda mwili wake na mali yake, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Aliyepigwa kofi akajibu kwa panga hakujitetea, amelipiza. Na akizidisha nguvu hata mtu akafa, atajibu kwa kuua bila kukusudia.

Sasa turudi chini ya mwembe. Wazee wetu wakumbuka hadithi za mabaraza ya mazumbe, ambako mambo mengi yalikwisha kwa faini na fidia. Mabaraza yale yamepita. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziingiza mahakama za vijijini katika mfumo mmoja wa nchi, na mwaka ule ule madaraka ya machifu yakafutwa. Hata hivyo mlango wa kupatana haukufungwa wote. Kwa shambulio la kawaida, na kwa makosa madogo ya mtu na mtu, sheria yamruhusu hakimu kuwasaidia wagomvi wapatane, wakalipana fidia, na shauri likaisha. Hapo wazee wana kazi njema ya kufanya, na mbuzi si haramu.

Lakini kwa madhara makubwa, sivyo. Kosa kubwa ni la Jamhuri, si la familia mbili. Aliyekatwa ni shahidi. Si mwenye shauri. Hata akisema, "Nimemsamehe," mwendesha mashitaka aweza kuendelea. Tena, kupokea mali kwa mapatano ya kulificha kosa kubwa ni kosa lenyewe. Kwa hiyo mzee anayesema, "Pokeeni ng'ombe wawili, na mtu asiende polisi," aweza kujikuta naye anahitaji mzee wa kumtetea.

Wengine watasema, "Lakini sisi tumefundishwa kusameheana." Naam, tumefundishwa, wala tusiache. Msamaha ni wa moyo, nao huvunja kisasi. Huzuia ndugu za aliyekatwa wasiende usiku kuchoma nyumba. Lakini msamaha hauwi pazia la kumficha mtu atakayemkata mwingine mwakani. Mtu aweza kusamehe na bado akasema kweli mahakamani. Na fidia haipotei kwa sababu shauri limekwenda mahakamani, kwani mahakama ikimtia mtu hatiani yaweza pia kumwamuru amlipe aliyeumia.

Na wakina mama nao wasikie. Yote tuliyosema juu ya shamba yahusu pia nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga, hata kama mila yasema vingine. Mkono uliovunjwa jikoni ni madhara makubwa sawasawa na uliovunjwa shambani. Katika vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo mama aweza kueleza habari zake faraghani.

Je, mtu akiumizwa, afanye nini? Kwanza ni uhai. Anayetokwa damu nyingi akimbizwe hospitali, iwe ni Magunga pale Korogwe au hospitali ya Wilaya ya Handeni, na ndugu mmoja aende polisi. Pili ni fomu namba tatu ya polisi, ile iitwayo PF3. Fomu hii hutolewa na polisi bure, na daktari hujaza humo majeraha aliyoyaona. Bila fomu hiyo shauri huwa kilema, kwa sababu kidonda hupona na kovu halisemi lilipatikana siku gani. Tatu, nguo zenye damu zisifuliwe, na panga lisiguswe ovyo. Yote yakabidhiwe polisi. Nne, waliokuwapo wakubali kutoa ushahidi. Mara nyingi mashauri hufa si kwa kukosa sheria, bali kwa sababu majirani walisema, "Mimi sikuona."

Naye anayeshitakiwa ana haki zake, tusizisahau, maana leo ni jirani, kesho ni mwanao. Apelekwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana. Dhamana hainunuliwi. Kwa makosa mengi ya kupiga na kudhuru yapatikana. Kwa kuua kwa kukusudia na kwa unyang'anyi wa kutumia silaha haipatikani. Aweza kuomba daktari aliyejaza PF3 aitwe mahakamani aulizwe maswali. Akiona hakutendewa haki katika Mahakama ya Mwanzo, ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Akihukumiwa na Mahakama ya Wilaya, atoe taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10 ili aende Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wetu ina masijala yake Tanga. Na asiye na fedha za wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Basi na tumalizie pale tulipoanzia, shambani. Ng'ombe wameingia, mahindi yameliwa, na mwenye shamba amesimama na panga lake. Hasara yake ni ya kweli. Huenda ni chakula cha watoto cha miezi sita. Afanye nini? Aweke panga chini. Asimkate mtu, wala asikate ng'ombe, kwa sababu kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa pia. Aite majirani wawili waone. Amwite Afisa Mtendaji wa Kijiji, na bwana shamba aje apime hasara na kuiandika. Karatasi hiyo ndiyo silaha yake. Kwa karatasi hiyo atadai fidia kwa mapatano mbele ya viongozi wa kijiji, na ikishindikana atafungua madai mahakamani. Naye mwenye ng'ombe asingoje kutafutwa. Aje mwenyewe, aseme, "Jirani, wangu ndio walioharibu." Maneno hayo machache yamezima moto mwingi.

Akitumia karatasi, mwenye shamba ndiye mdai. Akitumia panga, ndiye mshitakiwa, na hasara yake ya mahindi haitasikilizwa tena na mtu. Watoto wa nyumba yake watakosa mahindi yaliyoliwa, kisha watamkosa na baba wa kupanda mengine. Na katika nyumba ya pili kuna mtu asiye na vidole, ambaye hatashika fimbo tena nyuma ya ng'ombe wake. Ng'ombe walikula shamba moja. Panga limekula nyumba mbili.

Msomaji, jioni ya leo wakati mnapokoka moto, wasomee watoto ngazi hii, hatua kwa hatua. Kisha muulize kijana wako mkubwa: hatua ya kwanza ni ipi? Akijibu kuwa ni panga, mrudishe mwanzo. Hatua ya kwanza ni maneno, na hapo ndipo mtu aweza bado kushuka bila kuumia. Hasira ni hasara. Kwaherini, mpaka juma lijalo.